Miaka Ishirini na Sita ya Kuzomewa: Togashi Hatsue, Mujina wa Sakata

Leo, tarehe 23 Novemba, Mujina, yaani Nyegere, anapanda ulingoni kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia Kampuni ya Mieleka Mogami kwa miaka ishirini na sita. Wengi mlioshika karatasi hii mnamjua kwa kinyago chake cha kijivu, chenye masikio ya nyegere na meno yaliyopinda. Mmemrushia maneno, ndala, na mwaka mmoja, humu humu ukumbini, figili nzima. Aliikamata ile figili, akaing'ata, akaendelea na kazi.

Leo, kwa ridhaa yake, tunalitaja jina lake. Ni Togashi Hatsue, binti wa mkulima wa kaki, yale matunda ya rangi ya chungwa, wa ng'ambo ya mto. Uso hatauonyesha. Anasema uso una kazi nyingine kuanzia kesho.

Anayeandika ni mimi, Kosuge Masao, refa wenu. Hakuna aliyesimama karibu na Mujina kuliko mimi, na hakuna aliyekanyagwa naye kuliko mimi.

Hatsue alijiunga nasi akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nyumbani aliaga kwamba amepata kazi ya kutunza wazee mjini Yamagata. Sababu ya uongo huo ilikuwa baba yake. Mzee Kyuzo alipenda mieleka tangu enzi za kutazama televisheni dukani kwa jirani, lakini msimamo wake aliutoa mezani, mbele ya bakuli la supu: "Mieleka nitatazama mpaka nife. Ila mtoto wangu abwagwe chini mbele ya watu waliolipa kiingilio? Labda mimi niwe nimeshazikwa."

Bosi wetu, Mama Honma, ambaye naye alipigana ulingoni kabla ya kuanzisha kampuni, alimsikiliza msichana yule mpaka mwisho, kisha akafungua kabati, akatoa kinyago.

"Hutaki baba ajue? Vaa hiki. Lakini mvaaji wake ni muovu, anazomewa kila mji."

"Nitazoea," Hatsue akasema.

Hakuzoea upesi. Miezi ya mwanzo alikuwa hawezi hata kubingirika mbele bila kujigonga pua, na kila basi letu lilipopanda milima alitapika. Mama Honma alimpa dawa ya kichefuchefu ya aina yake: alimfundisha kuendesha basi. Tangu hapo hajatapika, na basi hajaliachia mtu.

Tukikaribia Sakata alikuwa akivaa kinyago huku anaendesha, asije akaonekana na mtu wa kijijini kwao. Safari moja askari wa barabarani alitusimamisha. Akaitazama leseni, akamtazama dereva, akaitazama leseni tena. "Picha hii haina masikio," akasema. Hatsue akajibu kwamba siku ile ya picha kulikuwa na baridi, aliyaacha nyumbani. Askari akamrudishia leseni na kumwambia aende, ila mkewe asijue kwamba amemwachia Mujina hivi hivi, maana humzomea kila tukija.

Sasa, Mzee Kyuzo. Kampuni ilikuja Sakata majira ya kuchipua na majira ya vuli, na kila ilipokuja yeye na mkewe, Mama Tomi, walikaa safu ya tatu, upande wa mlango. Mzee alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili. Hakumpenda Mujina hata kidogo.

"Wewe nyegere, rudi shimoni kwako," alikuwa akimwambia. "Miguu hiyo umeazima kwa bata? Na kiwiko, funga kiwiko ukimkaba mtu, mjinga wewe." Halafu alinigeukia mimi: "Refa, hayo ni macho au mbegu za tikiti?"

Hatsue alimsikia yote. Kazi ya muovu ni kushuka ukumbini na kuwasumbua watazamaji, na safari ya pili ya kuja Sakata alishuka, akaenda moja kwa moja safu ya tatu, akampokonya Mzee Kyuzo tonge la wali la pembe tatu lililofungwa kwa mwani, akalila amesimama mbele yake. Ndani yake mlikuwa na achari ya plamu aliyoitengeneza mama yake. Ukumbi ulizomea mpaka madirisha yakatetemeka. Mama Tomi alitazama jinsi mnyama yule alivyolizungusha tonge na kuanza kwa pembe, akafunika mdomo kwa leso. Watu walidhani anacheka.

Baada ya hapo Mama Tomi akawa anafunga matonge sita.

"Sisi wawili, matonge sita ya nini?" mzee alimuuliza siku moja, nikiwa nimesimama karibu nao.

"Yule mnyama ana njaa," alijibu.

"Unamlisha adui?"

"Akishiba hatapiga watu sana."

Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka kumi na moja. Mama alijua, binti alijua kwamba mama anajua, na hawakuwahi kuambiana. Mzee alizidi kupaza sauti.

Ukafika usiku wa pambano kubwa kati ya Mujina na Asahina Ruri, shujaa wetu wa wakati ule, humu humu Sakata. Masharti yalikuwa kwamba Mujina akishindwa atafunuliwa uso. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Kwa kweli lilikuwa pambano zuri, mpaka Hatsue aliporuka kutoka juu ya kona, akakosea, na kuangukia shingo.

Nilipiga magoti karibu naye. Alisema mkono wa kulia haupo, hausikii kabisa. Nikainua mikono yangu na kuipishanisha juu ya kichwa, ishara ambayo maana yake ni moja tu: huyu ameumia kweli. Daktari wa zamu alipanda, akasema kinyago lazima kikatwe, apate kuona anavyopumua na kumfunga shingo.

"Kaka Kosuge," Hatsue akaniambia, "sio hapa."

Lakini kumbeba bila kufungwa shingo haikuwezekana. Watu walikuwa wamesimama juu ya viti wapate kuona uso. Ndipo Mzee Kyuzo alipovuka kizuizi. Walinzi walitaka kumzuia, akawapita. Akasimama kando ya ulingo, akavua koti lake.

"Geukeni," akasema, kwa sauti ile ile mliyoijua. "Mnatazama nini? Mwenye kinyago hafunuliwi akiwa amelala. Ashindwe kwanza, kwa haki, ndipo afunuliwe. Geukeni wote."

Safu ya kwanza ikageuka, ikafuata ya pili, kisha ukumbi mzima ukatupa kisogo. Baadhi yenu mlikuwepo, na mnajua kwamba sitii chumvi. Mzee mwenyewe aligeuka pia, akatandaza koti lake mgongoni kama pazia. Daktari akakata kinyago. Mzee hakutazama nyuma.

Tulimfunika Hatsue taulo usoni na kumshusha kwa machela. Mama Tomi akaja mbio, akashika ukingo wa machela na kutembea nayo.

"Tomi," mzee akamwita, "unakwenda wapi na mnyama huyo?"

"Nakwenda na mtoto wetu, Kyuzo. Lete koti, ana baridi."

Nimeona watu wakipigwa kwa kila namna katika kazi hii. Sijamwona mwingine aliyesimama kama mzee yule alivyosimama, koti mkononi.

Kesho yake asubuhi nilikuwapo hospitalini. Mzee alikaa kwenye korido muda mrefu kabla ya kuingia. Alipoingia alibaki karibu na mlango.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nakupigia kelele ufunge kiwiko. Hufungi."

"Nilikuwa nakusikia, baba."

"Basi mbona hufungi?"

"Ningefunga, ungekosa la kusema."

Mzee akaenda dirishani, akatupa mgongo. Mama Tomi aliendelea kumenya kaki kama hakuona kitu. Mzee aliporudi kitandani alisema: "Kazi hii uiache."

"Nikipona nitarudi, baba."

"Basi mimi sitakuja tena."

Matibabu na mazoezi yalichukua mwaka mmoja na nusu. Hatsue alijifunza upya kushika vijiti vya kulia chakula, halafu kamba za ulingo. Wakati huo baba yake alimsafirisha kwenda hospitali na kurudi kila wiki, kwenye lori la matunda, na habari ya mieleka hawakuigusa.

Alirudi ulingoni Sakata, katika mji wake. Mama Tomi alimvuta mzee mpaka safu ya tatu. Alikuja, akakaa, akafumba mdomo. Ukumbi wote ulikuwa kimya pamoja naye. Watu walimwonea Mujina huruma, na muovu akihurumiwa hana kazi tena. Ruri aliponipita aliniuliza kwa kunong'ona kama tuko msibani.

Hatsue akamwacha mpinzani wake, akaenda kwenye kamba, akamnyooshea baba yake kidole.

"Wewe mzee wa safu ya tatu. Leo umekuja kulala? Au meno umeyasahau nyumbani?"

Watu wakacheka kidogo, kwa woga. Mzee Kyuzo akainuka polepole, akishikilia kiti cha mbele.

"Meno ninayo," akasema. "Wewe ndiye huna shingo."

Ukumbi ukalipuka. Mzee akaendelea: arudi shimoni kwake, miguu ya bata, kiwiko. Ukumbi ukayapokea maneno yake moja moja. Nilimtazama Hatsue machoni kupitia matundu ya kinyago. Alikuwa kazini.

Alitumika miaka mingine mingi baada ya usiku ule. Alitwaa mkanda wa kampuni mara tatu na kuupoteza mara tatu, daima kwa hila zake mwenyewe. Amewafundisha wasichana karibu wote mtakaowaona leo, na somo lake la kwanza ni kupiga deki: kila shule iliyotuazima ukumbi tuliiachia sakafu safi kuliko tulivyoikuta, Mujina akiwa mbele na tambara. Mchuzi wake wa kuku na kabichi ndio uliotufikisha majira ya kuchipua kila mwaka. Hajawahi kukosa kufunga ulingo wala kuufungua. Wasichana wanamwogopa, na wakiugua wanampigia simu yeye kabla ya mama zao.

Mwaka huu wakati theluji inayeyuka, aliniambia ndani ya basi: "Kaka, siku hizi mkono unalala kabla yangu." Daktari alisema lililobaki. Hatsue akamaliza safari ile, akaegesha, ndipo akaenda kumwambia Mama Honma.

Anarudi shambani kwao. Nusu ya kaki bado ziko mitini, na wazazi wake hawapandi tena ngazi. Nilikwenda huko mwezi uliopita kuomba ruhusa ya kuandika haya. Mzee Kyuzo alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka juzi, na sauti yake haikurudi. Ananong'ona tu, na ukitaka kumsikia usogeze sikio. Nililisogeza. "Liandike jina," akasema. "Togashi ni langu, nami ndiye niliyempa. Liandike kwa herufi kubwa."

TOGASHI HATSUE. Nimetimiza, mzee.

Hatsue naye alikuwa na ombi moja. Hataki maua wala utepe wa karatasi wa kurushwa. Alisema: "Waambie wasinipigie makofi. Nitalia ndani ya kinyago, halafu sitaiona kona iko wapi." Mimi ni refa, na hili naliweka kuwa sharti la pambano.

Dada Hatsue, kampuni nzima inakushukuru kwa basi, kwa sakafu, kwa mchuzi, na kwa wasichana uliotuachia. Tunakuombea mkono utulie, shingo isikukumbushe kazi hii kila theluji inapoanguka, na mavuno yawe mazito kwa miaka mingi ukiwa na wazee wako.

Nanyi mliokaa: baba yake yuko safu ya tatu, upande wa mlango. Yeye hana tena sauti, ninyi mnayo. Kunjeni karatasi hii, taa zinazimwa, anakuja. Mzomeeni.