Siku Niliyoanua Kahawa Nikamwacha Mtoto

Wanajumuiya, mama mwenye nyumba hii amenisihi wiki mbili nisimame mbele yenu niseme, nami nimekuwa nikimkwepa. Leo mmesimamisha rozari mnisikilize, nimeishiwa visingizio. Akina mama mlio jikoni, acheni vyombo kidogo mje mkae, maana haya yananiaibisha na sitayarudia.

Mnanijua kama mke wa hapa Kamachumu. Lakini nimezaliwa na kukulia Miembeni, Bukoba mjini, ambako ndizi nilizijua zikiwa zimeshafika sokoni. Nilipoolewa watu walisema, huyu wa mjini kibanja, shamba la migomba na kahawa, kitamshinda. Walisema nikisikia! Nikajiapiza kwamba hakuna atakayenikuta nimekaa. Mume wangu anafuata samaki visiwani, anaweza kukaa huko wiki tatu, kwa hiyo migomba, mibuni na nyumba vyote vilikuwa juu yangu.

Binti yetu alipozaliwa, mama mkwe, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka kwangu, alinihudumia vizuri sana. Alinikanda, alinipikia, alimwogesha mtoto. Wiki mbili zilipoisha nikamwambia, "Mama, sasa pumzika, niko sawa." Akaniangalia, akajifunga kitenge chake, akaondoka. Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno "niko sawa" nusura liniulie mtoto.

Kwa sababu sikuwa sawa. Mtoto alishikwa na chango. Jua likizama anaanza kulia, na jogoo anawika yeye bado analia. Nambeba mgongoni, nambeba begani, namnyonyesha, nazunguka naye chumbani. Kukikucha analala yeye, mimi nachukua jembe. Mnaosema mama mzazi alale mtoto anapolala, na kahawa ilale pia? Nani atapalilia?

Na mnajua salamu yetu ya asubuhi. Kila anayepita anakuuliza umelalaje, na jibu tunalo mdomoni kabla hajamaliza: salama. Mama mkwe aliniuliza kila asubuhi akiwa upande wa pili wa ua. Nami kila asubuhi nilimjibu kwa heshima ya Kihaya, "Nimelala salama, waitu." Nilidanganya wiki nzima, na nyingine, na nyingine. Nikaanza kutia chumvi kwenye chai. Siku moja nililia kwa sababu kisu kilianguka. Na nitasema hata hili: kuna alfajiri nilimwangalia mwanangu akilia nikamchukia. Mungu anisamehe, nilimchukia, kisha nikajichukia mwenyewe.

Basi siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Nilikuwa nimeanika kahawa kwenye mikeka mitatu uani. Mtoto alikuwa amepata usingizi, nikamlaza juu ya kanga kwenye kivuli, chini ya mgomba, ili nimwone nikiwa nageuza kahawa. Ghafla mawingu yakaja, yale mazito ya kutoka ziwani. Mnajua wenyewe mvua ikiikuta kahawa nje inavyokuwa. Nikakimbia. Nikakunja mkeka wa kwanza nikauburuta ndani, wa pili, wa tatu. Hakuna hata punje niliyoiacha. Nikafunga mlango, nikasema asante Mungu, nikakaa chini nikaegemea gunia. Nikalala papo hapo.

Mnatazamana. Ndiyo. Kahawa niliianua yote.

Niliamshwa na mama mkwe. Alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjukuu wangu yuko wapi?" Nikamjibu bila hata kufikiri, "Amelala chumbani, Mama." Akasema, "Nenda kamlete." Nikaenda. Kitanda kilikuwa kitupu. Hapo ndipo akili ilinirudia. Jamani! Nilitoka mbio, nikateleza, nikaanguka, nikafika kwenye ule mgomba nikiwa natambaa. Nikakuta kanga peke yake, imelowa, imejaa tope. Sauti iliyonitoka siwezi kuitoa tena.

Mama mkwe akanifuata kwenye mvua akanishika mabega. "Yuko kwangu. Nilisikia akilia. Nimemkausha, yuko na wifi yako karibu na moto." Kisha akaniuliza, "Umelala lini mara ya mwisho? Niambie kweli."

Nikamwambia, "Mama, sijalala tangu ulipoondoka. Nimeshindwa."

Nilingoja anitukane. Alikaa kwenye tope pale pale, yule mama mtu mzima, akaanza kulia. Akasema, "Uliposema uko sawa, nilidhani hunitaki nyumbani kwako. Kila asubuhi nakuuliza, unanifukuza."

Mchana huo mtoto alipata homa. Tulimpeleka zahanati, na kwa siku mbili nilihesabu kila pumzi yake. Kifua kikawa safi, homa ikashuka. Muuguzi alipomaliza na mtoto akanigeukia mimi. Akaniambia kukosa usingizi namna ile si uvivu wala si udhaifu, kunaharibu akili ya mtu yeyote, na kwamba kama nina mawazo ya kumchukia mtoto niyaseme, nisiyafiche. Nikayasema. Hakushtuka.

Tangu siku hiyo, nikishamnyonyesha mchana, mama mkwe akawa anamchukua, nami nalala mpaka amlete mwenyewe. Wifi yangu alichukua kazi ya kufua nepi zote. Mume wangu aliporudi nilimweleza kila kitu, naye akajifunza kumbeba mtoto wa chango kifudifudi kwenye mkono wake. Akiwa nyumbani, usiku wa manane ulikuwa zamu yake. Kibanja kiliota magugu mwaka ule. Waliotaka kucheka walicheka, na sikufa.

Mama mkwe wangu, uko hapa, nakushukuru mbele ya wote. Muuguzi yule simtaji, Mungu anamjua. Binti yangu ndiye huyo anayewasumbua kuku hapo nje.

Fundisho langu ni fupi. Mama aliyejifungua ukimuuliza hali yake, usikubali jibu la kwanza. Mpokee mtoto mikononi, ndipo umuulize tena.

Na wewe mdogo wangu uliyekaa karibu na mlango, jina lako silitaji. Tangu tuanze rozari umesinzia mara tatu na mtoto mikononi. Usione aibu. Nipe nimshike. Mama mwenye nyumba ametandika kitanda chumba cha pili, nenda ukalale. Makumi ya rozari yaliyobaki tutakusalia sisi.