Jalada la Rangi

Kwenye basi la Kiomboi kwenda Singida, Abdulhamidi mwenye duka la gemu za kompyuta alikuwa akimlalamikia mwalimu aliyekaa naye. "Nilinunua diski halisi mnadani Mtinko, gemu ikaikataa, eti ni nakala. Ikabidi niweke programu ya kuidanganya kompyuta iione ni halisi."

"Kudanganya ni dhambi, mwanangu."

"Mashine haina roho, mwalimu! Wakosaji ni watengenezaji, wanamshuku hata mteja mwaminifu."

"Labda wamegundua kitu."

"Kitu gani? Muuzaji aliapa, na jalada lina rangi!"

Kiti cha nyuma yao, nikashusha kofia hadi puani. Jalada nililichapa mwenyewe, na kiapo nilikula mimi. Basi likaingia stendi wakiwa bado wanabishana. Mkoa mzima, aliyenishtukia ni ile gemu peke yake, na mteja wangu mwenyewe kaiziba mdomo.