Neno "Lakini" Lililobaki Kiwanjani

Muheshimiwa Shefu wa kikundi chetu, pamoja na wazee wa baraza mulioketi kando yake. Baba Padri na Shehe wetu, ninyi munaotuombea kila mumoja kwa njia yake. Bwana Mukubwa wa shule na walimu wako. Wageni mulioacha kazi zenu Kasongo mukala vumbi la barabara kuja hapa. Wamama wenzangu wa soko, ninyi munaonikonyeza tangu nilipoitwa. Na weye Munganga Célestine, tuliyekuja kukuaga: nawasalimia wote. Asalam aleikum kwa wenye kuitikia hivyo, na Yesu asifiwe kwa wenye kuitikia vile. Wenye kuitikia yote mawili, kama miye niliyezaliwa na baba Muislamu na mama Mukristo, muitikie mara mbili.

Wamama walinichagua niseme kwa niaba yao. Niliwaambia, "Mama Soraya alifika sekondari, mupeni yeye." Wakanijibu, "Mama Soraya anajua kusoma, lakini weye ndiye mwenye mutoto wa kukohoa." Basi nikakubali.

Ni kweli, kwa kituo hiki cha afya miye nilikuwa kama mulango: ukifika asubuhi unanikuta. Cadette wangu akipiga chafya, miye nimeshavaa kandambili. Munganga Célestine alizoea kunitania. "Mama Cadette, leo anaumwa mutoto ama anaumwa mama?" Nami ninamujibu, "Wote wawili, munganga, anza na yule mudogo." Hakunifukuza hata siku moja. Alikuwa anasikiliza kifua cha mutoto kwa kile chombo chake, kisha ananivalisha miye masikioni, nisikie mwenyewe kwamba pumzi inapita vizuri, sababu alishajua kwamba kuna mama anayetulizwa na maneno, na kuna mama ambaye lazima asikie.

Kesho kutwa anapanda pikipiki, anakwenda kufanya kazi upande wa Salamabila, kwa watu wa kuchimba zahabu. Wengine watasema juu ya watoto aliowazalisha, na watasema kweli. Miye nitasema juu ya neno moja dogo tu. Neno lenyewe ni "lakini".

Munakumbuka mwaka jana, mvua zilipoanza, watoto wote walikuwa wanakohoa. Wakaja watu wa labo kutoka mujini, walitaka kujua ni kidudu gani kinachowakohoza watoto wetu. Waliingiza puani kijiti chenye pamba. Cadette alilia, na miye nililia kumuzidi. Wakaenda zao. Sisi tuliendelea kufukiza majani ya lumbalumba kama mama zetu walivyotufukiza, na mutoto akapona, akarudi kukwea mipapai ya watu.

Jibu likaja kwa simu wakati mafua yenyewe tumeshayasahau. Tulikuwa tumesimama hapa hapa kiwanjani, Munganga Célestine na miye. Nje ya ukuta wa mianzi Musafiri alikuwa juu ya pikipiki yake, anangoja abiria. Munganga akaniambia, "Mama, jibu liko hapa. Walichokikuta kwa Cadette ni virusi vya korona..."

Pikipiki ikawaka.

"...lakini," akasema, "kaa chini mama, usianguke, lakini ni ile korona ya mafua ya siku zote."

Wapendwa, neno likigawanyika katikati, ni nusu gani inayofika mbele? Musafiri alibeba nusu ya kwanza mpaka sokoni, mpaka kivukoni, ninasikia mpaka Nyangwe kwa wavuvi: "Korona iko kwa Mama Cadette." Nusu ya pili ilibaki nami kiwanjani, sababu "lakini" haina magurudumu.

Musafiri, usiinamishe kichwa. Ulishakuja kwangu na mukeo, tukala sombe pamoja, yameisha. Miye ninasimulia tu namna neno linavyosafiri.

Siku ile mikate yangu ilipoa ndani ya beseni, hakuna aliyeigusa. Watu walinisalimia toka ng'ambo ya barabara, tena kwa upole, na ule upole uliniuma kuliko matusi. Sikuwalaumu. Ile korona kubwa ilifunga makanisa na misikiti, iliua watu wa mbali na watu wa karibu, tuliacha kushikana mikono hata kwenye kilio. Mutu aliyeumwa na nyoka, akiona kamba atauliza kwanza kabla ya kuiokota? Atakimbia. Nami ningekimbia.

Lakini shuleni jambo halikuisha kwa kukimbia. Kule mutoto wangu alipewa benchi peke yake. Munajua watoto wetu wanakunywa maji ya dumu kwa kikombe kimoja. Kikombe kimoja darasa zima. Cadette, aliyekuwa amepona, kikombe chake kikatundikwa kwenye msumari wa peke yake. Na wale waliokuwa na makamasi yanashuka mpaka mudomoni siku ile ile, waliendelea kupokezana kile kimoja, wanakunywa, wanacheka. Ninawauliza wazazi wenzangu, tulikuwa tunakimbia ugonjwa, ama tulikuwa tunakimbia jina? Kama tungekimbia ugonjwa, kila mutoto angekuwa na kikombe chake na msumari wake, na wote wangekuwa salama zaidi.

Kisha wakaacha kumuita Cadette. Wakamuita Korona.

Sasa wageni watasema, hayo ni ya watoto, yatapita. Wageni wetu, kwetu jina la tukio halipiti. Kwetu mutoto akizaliwa wakati wa vita anaitwa Vita, akizaliwa wakati wa mateso anaitwa Mateso, na anazeeka nalo, anazikwa nalo. Muangalie huyu Musafiri. Mama yake alishikwa na uchungu akiwa njiani kwenda Kabambare kwenye harusi ya dada yake. Harusi hakuiona, mutoto alizaliwa barabarani, akaitwa Musafiri. Na leo anafanya kazi gani? Jina lilimutafutia pikipiki. Munacheka, lakini wazee wetu hawakusema bure kwamba jina linavuta. Basi miye nilikaa na beseni langu nikajiuliza: Korona itamuvuta mutoto wangu kwenda wapi? Nani ataoa Korona? Nani atakula harusini kwake?

Nilikwenda kwa Munganga Célestine na swali hilo. Nilifikiri atanipa karatasi yenye muhuri nitembee nayo. Akaniambia, "Karatasi watasoma wangapi? Nenda kauze mikate, miye ninakuja."

Akaja siku ya soko kubwa, naye mwenyewe ana mafua, macho mekundu, kitambaa puani. Akasimama kando kidogo ya watu, akanunua mukate wangu, akaula wote mbele ya macho ya soko. Kisha akapaza sauti, "Nani hapa hajatoa makamasi tangu mvua zianze? Anyooshe mukono." Hakuna mukono ulionyooka.

"Basi sikilizeni," akasema. "Korona si jina la mutu mumoja, ni jina la ukoo. Ndani ya ule ukoo kuna yule jambazi mumoja munayemujua. Na kuna ndugu zake wanne ambao wamekaa na watu tangu zamani, kwetu na kwa Wazungu, kazi yao ni mafua, kikohozi, homa kidogo, kisha wanakwenda. Mafua yana wazazi wengi, na hawa ni kati yao. Ninyi wote mulishapata hawa. Mulikuwa hamujui tu jina la ukoo wao."

Baba Iliasi, yule muuza nguo aliyekaa miaka mingi Salamabila, akasema, "Munganga, unatudanganya. Jina moja, halafu ugonjwa tofauti?"

"Baba Iliasi, kule kwenye mashimo weye ulikuwa Iliasi peke yako?"

"Hapana, tulikuwa Iliasi watatu."

"Wote watu wazuri?"

"Mumoja aliiba motopompe ya patroni, ile mashine ya kuvuta maji, akakimbia."

"Na weye uliiba?"

"Haki ya Mungu, miye? Siwezi hata kuibeba."

"Mbona uko na jina lake?"

Soko lilicheka mpaka kuku wakakatika kamba. Baba Iliasi akacheka wa mwisho, kisha akaja akanunua mikate, akasema, "Nipe ile ya ndugu wanne, ya jambazi sitaki." Tangu siku ile beseni langu lilirudi kuwa beseni.

Munganga, wengine watakusifu kwa dawa ulizotoa. Miye ninakusifu kwa dawa uliyoninyima. Nilikuomba vidonge vikali, vile vya rangi mbili, ukaniambia, "Vile haviui kidudu cha mafua, mama. Mupe maji, mupe uji, umukumbatie, na ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, ama anakataa kunyonya na kula, hapo ukimbie kuja, usingoje asubuhi." Wamama, mulikamate hilo, sababu mafua madogo kwa mutu mukubwa yanaweza kuwa mazito kwa kitoto kichanga na kwa bibi muzee. Tusimuogope mutu, lakini tusichezee pumzi.

Na kitu kimoja ulichoniambia hakijanitoka. Nilikuuliza, "Cadette ameshayapata, basi hatayapata tena?" Ukasema, "Atayapata, mama. Mwili unakumbuka kidogo, unasahau kidogo. Yatarudi mwaka huu ama mwaka kesho." Nikaogopa. Kama mafua yatarudi, na jina litarudi nayo? Nikipiga hesabu ya hofu zangu, hiyo ndiyo kubwa. Sasa munganga anakwenda, na yeye ndiye alikuwa "lakini" yetu. Akisikia neno limekatika, alikuwa analikimbilia na nusu yake. Nani atakimbia sasa?

Ndiyo sababu nimesimama. Soko lilipona, shule haijapona. Watoto wengine wameacha, wengine hawajaacha. Cadette alikaa nyumbani tangu Pasaka, na masomo yanafungua wiki ijayo. Bwana Mukubwa wa shule ameniahidi kwamba kila mutoto atakuwa na kikombe chake, na ninamushukuru. Lakini jina haliko mukononi mwa mwalimu. Liko vinywani mwetu, sisi wazazi, sababu mutoto anarudia kile alichokisikia jikoni.

Wamama tumetafuta kuku wa kumupa Munganga Célestine, aende naye Salamabila, amutagie mayai kule. Kuku yuko na Cadette, nyuma pale kwenye mulango wa kituo. Asubuhi nilipokuwa ninamusuka nywele aliniuliza, "Mama, nikipita katikati ya watu na kuku, wataniitaje?" Miye mama yake, mwenye jibu kwa kila kikohozi, nikamuambia, "Nitawauliza."

Basi ninawauliza.

Munganga wetu, nenda na amani, na huko kwa watu wa zahabu neno likikatika, ulikimbilie kama ulivyokimbilia letu. Muheshimiwa Shefu, wazee, viongozi wa dini, walimu, wamama na wababa, nawashukuru kwa subira yenu kwa mama asiyezoea kusimama mbele ya watu. Asanteni kwa kunisikiliza. Sasa ninanyamaza, ili yeye naye asikie vizuri. Ameshatoka mulangoni, anakuja na kuku. Muiteni.