Folda Aliyoiwasha Kaka

Kaka yangu, ambaye wote mlimwita Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, kifungua mimba wa mwalimu na mshonaji. Mama hakutaka tukanyage chumba cha cherehani, hivyo Fundi alisimama mlangoni, akapokea maombi yangu mimi mdogo wake, akampelekea mama, akarudi na jibu. Hakuchoka nami.

Alimaliza sekondari mwaka 1997, akapata shahada ya kompyuta 2002, kisha akaajiriwa na maktaba ya chuo. Kwa kawaida, kiini cha mfumo wa kompyuta, yaani programu kuu inayoendesha mashine, ndicho kinachojua faili liko wapi, na humo kosa dogo huangusha mashine nzima. Fundi aliitoa kazi hiyo nje, akaikabidhi programu ya kawaida. Ukifungua faili, kiini huiuliza programu, nayo hulitafuta popote lilipo na kujibu. Wenzake walimtania kwamba safari za kuuliza na kujibu zimezidi. "Polepole ndiyo mwendo," aliwajibu. "Yangu ikianguka, inaanguka peke yake."

Tarehe 6 Desemba 2008 alimwoa shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili.

Mama alipofariki, Fundi alikusanya sauti zake kutoka kaseti, simu na kompyuta zetu, na kwa programu yake zikaonekana zote katika folda moja kwenye kompyuta ya baba. Agosti 2021 niliifungua nikaikuta tupu. Nilimpigia nikamuuliza kwa nini amezifuta.

"Folda ni mlango tu, mdogo wangu. Sauti ziko kwingine. Umeme ulikatika, programu haijawaka. Subiri nije."

Sikusubiri. Nilimwita mwongo mbele ya baba, nikaondoka. Hasira hasara, na hasara hii ni yangu.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Alinipigia mara tatu kutoka wodini, sikupokea. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Juzi shemeji aliniketisha mbele ya kompyuta ile. "Kila akija kwa baba alihakikisha programu inawaka," akasema. "Alikuwa anasema, labda leo mdogo wangu atafungua."

Sauti zote zilikuwemo. Kwenye kaseti moja mama anauliza, "Anataka nini tena huyo?" Fundi anajibu kutoka mlangoni, "Mkasi, mama. Mpe tu."

Ameacha baba, mke, mabinti wawili, na mdogo mmoja ambaye hakumwomba radhi. Alale kwa amani kaka aliyenijibu kila nilipoita.