Nati ya Stovu Kwenye Pikipiki ya Zenon Wilibrodi

Baba Paroko, ndugu, majirani wa Pito na wageni mliotoka mbali, mimi ni Leonsi, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake, na naomba mnivumilie, kwa kuwa tangu juzi mchana akili yangu haijakaa sawa, na karatasi hii tumeiandika upya mara tatu.

Zenon Wilibrodi alizaliwa hapa Pito tarehe 2 Novemba 1931, kwa mujibu wa cheti cha ubatizo, ingawa kadi yake ya kazi inasema 1934, na yeye mwenyewe tulipomwuliza alituambia tuchague. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1949, akaajiriwa idara ya kilimo mwaka 1952, akawa bwana shamba wa kutegemewa, akifundisha kilimo cha mahindi na ulezi kuanzia hapa juu Ufipa hadi Milepa kule bondeni. Tarehe 5 Oktoba 1957 alifunga ndoa na Bertilla, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza akiwa Margareth, aliyeolewa Milepa.

Mwaka 1966 alinunua pikipiki kuukuu ya Kiingereza kwa padre aliyekuwa anarudi kwao, na ndiyo iliyompeleka vijijini miaka yote. Novemba 1979, vipuri vikiwa havipatikani hata kwa barua ya mkoa, nati inayounganisha bomba la petroli na koki ya tangi ilipasuka, akaziba kwa sabuni, sabuni ikadondoka, akafunga mpira wa dripu, mpira ukakakamaa kwa petroli, na huko Milepa mvua zilikuwa zimekaribia na watu wanasubiri mbegu. Hapo ndipo, bila kumwambia mtu, alipofungua nati ya shaba kwenye stovu ya mke wake, akaipiga tupa, akaibana kwa lehemu, na petroli ikaacha kuvuja.

Bertilla alipokuta stovu haina nati, alimshuku jirani yetu Dominiko, fundi baiskeli, kwa kuwa ndiye aliyeiazima wiki hiyo, shauri likaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Dominiko akaapa kwamba hajagusa kitu, hakusadikiwa, akanyang'anywa ufunguo wa duka la kijiji alilokuwa akilisimamia. Marehemu alikuwepo kwenye kikao hicho, ameketi ubavuni kwangu, akiigeuzageuza kofia yake, na hakusema neno. Kwa karibu miaka minne alipita mbele ya nyumba ya Dominiko na pikipiki ileile.

Mwezi Mei mwaka huu alianza kuugua kifua, akalazwa hospitali tarehe 20 Julai, akafariki dunia Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1983, saa tatu asubuhi. Mchana wake tulitaka kumpelekea Margareth taarifa, pikipiki ikagoma, tukafungua bomba la petroli tulisafishe, Bertilla akaiona nati yake, akaijua kwa alama aliyoikwaruza mwenyewe kwa msumari, akakaa chini palepale. Kaka yangu hakuwa mtu wa kula cha mwenzake, nimemjua maisha yangu yote, na sijui alikuwa anasubiri nini, naye Bertilla anasema hajui amlilie au amgombeze, na tangu juzi anafanya yote mawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kilimo waliotupatia gari, na majirani mlioleta kuni, unga na maji bila kuombwa.

Na wewe Dominiko, tunakuona umesimama kule nyuma na jembe lako, umechimba kaburi hili tangu alfajiri, kabla hatujakuambia lolote kuhusu nati. Mbele ya balozi na wote walioketi katika kikao kile, familia inasema hukuiba, tulikuonea, na Bertilla anakuomba usogee uweke udongo pamoja na watoto wake, na ukikataa hatutakulaumu.

Kaka Zenon, tumekukasirikia na tunakulilia, pumzika kwa amani.