Bibi Siyang na Paa la Nyuso Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Leo tunamkumbuka Bibi Consorcia Dumalagan, ingawa katika soko zima la Lubihan hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Bibi Siyang. Bibi Siyang wa puto. Ametutoka Jumanne iliyopita, usingizini, akiwa na miaka themanini na minne. Na ninawaomba mapema, msinililie hapa. Huyu mama alituchekesha mno.

Puto zake mnazijua, ile mikate midogo ya mchele ya mvuke. Alizipika kwenye kibanda kilicho kando ya bomba la soko. Kando ya bomba, wasikilizaji, hilo mlishike. Mchele uoshwe, ulowekwe, usagwe, sufuria ya mvuke ijazwe. Bila maji hakuna puto. Na mtu akianzisha habari za uchaguzi pale kibandani, Bibi Siyang alimkata kauli: "Ee mwanangu, siasa kaitemee nje. Hapa tunakula!" Kura hakupiga. Kwenye mikutano ya mtaa hakukanyaga. Alifika miaka sitini na mitano hivyo hivyo.

Mwaka huo upepo ukang'oa paa la kibanda. Uchaguzi wa mtaa ulikuwa umekwisha wiki ile ile, na mnajua wenyewe mambo yanavyokuwa. Maturubai yenye sura za wagombea yanabaki yananing'inia kila nguzo, na kila mwenye banda la nguruwe anajichagulia lake la kuezekea. Bibi Siyang akachukua lililo pana kuliko yote. Lilikuwa la Demetrio Palmares, mgombea uenyekiti aliyeshindwa. Akalitandika uso juu, kwa sababu upande wenye picha ndio unaotelezesha mvua. Hakuwa na sababu nyingine hata moja.

Sasa mwenyekiti mpya, Bwana Arnulfo Gallego, nyumba yake ni ile ya ghorofa inayotazama soko. Kila asubuhi akifungua dirisha, mpinzani wake yuko pale chini, mpana kama chumba, anamkenulia meno.

Wiki ya pili haikwisha, mafundi wakaja. Bomba likahamishiwa upande wa pili wa soko. Ukarabati, walisema.

Binti yake, Nenita, ameniambia hivi: "Mama alikuwa anaondoka na ndoo, anarudi na nusu ndoo. Magoti yale! Tulikuwa tunapika masinia kumi, yakabaki matatu. Siku moja akakaa chini akaniambia, 'Nita, mwezi ujao tunafunga.' Mama yangu sikuwahi kumwona analia. Siku ile nilimwona."

Kesho yake Bibi Siyang akajifunga kibwebwe akaenda ofisi ya mtaa.

"Mwenyekiti, bomba langu limekwenda wapi?"

"Kamuulize huyo uliyemweka juu ya paa."

"Nani, Palmares?" Bibi macho yakamtoka. "Baba wee! Yule nimemweka kwa sababu havuji!"

"Basi mshushe."

"Nimshushe ninyeshewe? Nipe na wewe uso wako, nione kama unazuia maji."

Makarani wakavunjika mbavu. Gallego hakucheka, lakini turubai alimpa. Bibi Siyang akaingia mitaani, akakusanya na ya wagombea ujumbe wote, walioshinda na walioshindwa, akakaa kwenye cherehani. Nyuso kumi na moja, paa moja. "Haya," akasema, "aninunie nani sasa?"

Paa likapendeza. Bomba halikurudi.

Hapo ndipo alipoelewa, wasikilizaji wapendwa. Bomba halirudishwi kwa paa. Bomba linarudishwa kwenye ule mkutano wa mtaa, ambao maisha yake yote aliukimbia. Mkutano ulipoitishwa, akaingia na wanawake arobaini wa sokoni, kila mmoja na ndoo tupu. Wakazipindua, wakazikalia. Walipofika kwenye mengineyo, akasimama.

Gallego akamtania: "Bibi, si ulisema wewe huna siasa?"

"Sina. Nina kiu."

Ukumbi ukalipuka. Mikono ikanyooshwa, ndoo zikapigwa kama ngoma, na kabla ya Jumapili bomba lilikuwa mahali pake. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, Bibi Siyang hakukosa mkutano hata mmoja. Alisema, "Nilidhani siasa inakaa ofisini. Kumbe muda wote ilikuwa kwangu, kwenye bomba, inanisubiri niiite."

Alipofariki, mambo yakawa yale yale ya kwetu. Pande mbili za wanasiasa zikaleta mahema ya msiba, majina yao yameandikwa herufi za kuonekana kutoka mtoni. Nenita akayarudisha yote mawili. Akalishusha paa la kibanda, akalifua, akalitundika juu ya ua. Waombolezaji wakacheza karata, kama ilivyo desturi yetu msibani, na kula puto chini ya nyuso kumi na moja.

Mzee Gallego alikuja. Akainua macho, akajiona kijana, ana nywele, yuko bega kwa bega na Palmares. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka baada ya kicheko kwisha. Kahawa ilipopungua, akaomba ndoo, akaenda mwenyewe bombani.

Kwako Nenita, na familia yote ya Dumalagan, pokeeni pole zetu, sisi wa redio na wote tuliolishwa na mikono ile. Nasi tuliobaki tujiulize, ni bomba gani letu linahamishwa wakati tunasema hayatuhusu?

Mkutano wa mtaa wa Lubihan ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Nenita anasema viti havitoshi kamwe. Beba ndoo yako.