Droo ya O Ilipokataa Kufungwa

Ndugu zangu, na nyinyi akina mama mlioketi kule nyuma karibu na mlango, namshukuru Nyasaye, Mungu wetu, aliyenisimamisha hapa leo. Sitataja jina la mtu. Nimekuja kusema jinsi nilivyokaribia kufutwa kazi, na jinsi nilivyokataa.

Mnajua nilifiwa na mume watoto wakiwa wadogo. Nikapata kazi katika zahanati moja hapa Homa Bay, chumba cha kadi za wagonjwa. Mgonjwa akija, natafuta kadi yake, daktari anaisoma ndipo amtibu. Kadi zilikaa kwenye boksi na nilizipekua moja moja kuanzia ya juu. Wagonjwa walipokuwa wachache, sikuona shida. Kisha wakaanza kuja kutoka Ndhiwa, Takawiri, hata Migori, na kila mgonjwa mpya akawa ananiongezea kazi ya kumtafuta yule wa zamani.

Tukaletewa kabati la chuma kutoka Nairobi, kila herufi na droo yake. Nililipangusa kama meza ya harusi! Nikapanga kadi zote kwa jina la nyumbani. Ndugu zangu, chekeni tu. Sisi Wajaluo, mwanamume ni Otieno, Odhiambo, Okoth. Mwanamke ni Atieno, Achieng, Akinyi. Droo ya O ilikataa kufungwa, ya A ikang'oka, na ya X nikaweka kikombe changu cha chai. Kabati lilikuwa zuri, ila halikutujua.

Siku moja akaja mama wa Takawiri na mtoto mwenye homa kali.

"Sista, kadi yake iko kwa nyinyi," akaniambia. "Tuliandikishwa hapa hapa."

Jina la mtoto, kama kawaida, lilianza na A. Nilitafuta mpaka vidole vikauma. Laini ya wagonjwa waliosubiri ikaanza kupiga kelele, nikamfungulia kadi mpya. Kumbe ile ya zamani ilikuwa imeandikwa dawa ambayo mwili wa mtoto huyo hauiwezi. Akapewa hiyo hiyo. Uso ulimvimba mbele ya macho yangu. Alipona, kwa sababu muuguzi alikimbia na sindano.

Daktari akaniita. "Mama, mtu mmoja na kadi mbili, hiyo ni hatari. Mwisho wa mwezi hii mambo ikiwa bado hivi, nitatafuta mtu mwingine."

Niliogopa, na nilikasirika pia. Watoto wangu walikula kwa kazi ile. Nikasema siendi popote.

Jumapili kanisani, kiongozi wa nyimbo akasema tufungue ule wimbo wa Yesu. Upi sasa? Nusu ya kitabu ni Yesu! Watu wakapekua huku na huku. Akataja namba, kanisa zima likafika. Nikamtazama jirani yangu. Hakuanza na wimbo wa kwanza. Alifungua katikati, akaona amepita, akaachana na nusu yote ya mbele, akagawa iliyobaki. Nawaambia, siku hiyo sikuimba hata neno.

Kesho yake nikamwendea mwalimu wa kompyuta mjini, yule anayetuambia tuvue viatu mlangoni ili vumbi lisiingie.

"Mama, hiyo ndiyo tunafundisha hapa," akacheka. "Kila mtu apewe namba yake, isirudiwe. Kadi zifuate namba."

"Na akisahau namba?"

"Weka kisanduku kingine kidogo cha kukuonyesha namba. Lakini ukipange kwa kitu watu hawasahau."

Hicho nilikijua mimi. Mtu wetu hasahau bichi yake, ule ufuo mitumbwi ya kwao inapotia nanga, wala jina la baba yake.

Tulifanya kazi na yule muuguzi Jumamosi zote, tukiunganisha kadi za mtu mmoja ziwe moja na kuipa namba yake. Mwisho wa mwezi laini ilifika getini. Daktari akasimama nyuma yangu. Mzee mmoja wa Remba hakuwa na namba. Nikamwuliza bichi, nikamwuliza baba, kisanduku kikanipa namba. Nikafungua katikati ya kadi, nikagawa, nikagawa tena, nikaitoa kadi yake.

Daktari akaisoma. "Haya," akasema, "niletee mwingine." Nikamwita aliyefuata kwenye laini.

Namshukuru mwalimu, namshukuru muuguzi, na kiongozi wa nyimbo ambaye mpaka leo hajui alinifanyia nini. Wewe ambaye kazi imekulemea, usiongeze mbio tu. Angalia umeipanga vipi, na uipange kwa watu ulio nao. Na kama unaitwa Akinyi, na mama yako Akinyi, na jirani yako Akinyi, mlete mtoto wako. Tutampata yeye mwenyewe.